Shuka Lako Halijarudi, Mama Nyuzi

Mwaka umetimia, Mama Nyuzi, tangu uniachie nyumba hii. Chai bado nainjika ya vikombe viwili. Cha pili kinapoa, nakimwaga.

Miaka ishirini na miwili ulifuma pale kiwandani. Uzi ukikatika, ulikuwa unauunga kwa mkono mmoja, hata mtambo haujashtuka. Wasichana wapya uliwafundisha bila kuwafokea. Kwa zile kelele, ninyi wafumaji mlizoea kusemezana kwa midomo bila sauti, na tabia hiyo ukaja nayo nyumbani. Mgeni akikaa mno, unanigeukia, midomo inacheza: "Huyu kwao hakuna kitanda?" Mimi nabaki kukohoa ili nisicheke.

Nami nilikuwa mpakiaji wa pamba. Marobota niliyapandisha kwenye malori, yakaenda nje ya nchi, huku mitambo yenu ikilala kwa kukosa nyuzi. Ulinitania, "Baba, riziki yangu unaibeba kwa mgongo wako unawapelekea wenzio." Tukacheka. Sasa silicheki tena neno hilo. Lakini si mimi niliyepanga. Waliopanga wanajijua. Pamba iende ghafi, irudi nguo, na mfumaji akae mlangoni ashike tama.

Kiwanda kikafungwa. Kisha wakaja na hadithi ya kukifufua. Siku ya uzinduzi, wakubwa wale walisahau kitambaa cha kufunika jiwe la uzinduzi. Ukakimbia nyumbani kuchukua shuka lako, lile la mwisho kutoka kwenye mtambo wako, uliloniusia nikufunike nalo siku ukifa. Nilikukataza.

"Baba, acha roho mbaya," ukasema. "Kiwanda kikifunguliwa nitafuma mengine."

Mkubwa akalivuta, makofi yakapigwa, shuka likaondoka na magari yao. Jiwe lipo hadi leo. Mitambo iliuzwa chuma chakavu.

Hospitalini sauti ilikuwa imekwisha, imebaki midomo tu. Muuguzi alidhani unaomba maji. Mimi nilikuelewa: "Shuka langu limerudi?"

Nilikujibu limerudi. Nisamehe, mke wangu. Tulikuzika na shuka la dukani, la kutoka ng'ambo. Nani ajuaye, huenda ni pamba niliyoipakia mimi.

Nanyi mliolichukua shuka lake, kama mnasoma: ni jeupe, lina mstari wa buluu, na karibu na pindo pana uzi mmoja ulioungwa. Lirudisheni. Sitauliza lilikuwa wapi. Nitampelekea mwenyewe kaburini.

Unakumbukwa na mimi mumeo, binti zetu wawili, mkwe wetu fundi cherehani, wajukuu, dada yako aliyekuuguza, na wenzako wote wa zamu ya asubuhi.

Hatutakusahau maisha yetu yote, Mama Nyuzi. Jioni nakaa kukielekea kiti chako, nakitazama, huenda midomo yako ikacheza.