Godefroid Anakataa Dawa

Jumanne, 9 Septemba 2025

Leo watu wa hopitali wamekuja hapa hangari. Ndiyo, hapa kwetu! Kanzu nyeupe, sanduku la barafu, meza ndogo ya kukunja. Wanapima wote wanaolala gare, kituo cha treni: homa ya ini, ile ya C. Bure.

Watu walisita. Bulaimu, yule anayebeba mizigo sokoni, alisema wanachukua damu waende kuiuza. Infirmière mumoja, muuguzi, Bénie jina lake, akacheka, akajichoma kidole mwenyewe mbele ya wote. Tone moja tu, akasema, nani atanunua tone?

Nikaenda. Godefroid akanifuata, ananung'unika. Bwana yangu huyu hapendi sindano tangu vita.

Mimi: mustari mumoja kwenye kipimo. Sina kitu.

Yeye: mistari miwili.

Bénie akatuvuta pembeni. Hilo si neno la mwisho, akasema, damu itakwenda Kinshasa kwa ndege, wahakikishe. Godefroid akauliza kama amenipa mimi ugonjwa. Swali lake la kwanza! Hapana, papa. Si kwa sahani, si kwa mukeka, si kwa kukohoa. Ni damu kwa damu.

 

Alhamisi, 11 Septemba 2025

Damu kwa damu. Neno linanizunguka kichwani.

2002. Mji umezingirwa, treni haitoki wala haiingii, hata muhogo ni shida. Mimi niko na mimba ya Exaucé. Uchungu ulinishika mapema, nikatoka damu mpaka godoro likalowa. Pale waliponipeleka walikuwa wanachemsha sindano kwenye sufuria, na kuni zenyewe hakuna — nani angetoka kutafuta kuni, na risasi zile? Wanaume walikaa kwenye benchi kutoa damu. Godefroid kati yao. Sindano ilitoka mukono huu ikaingia ule. Niliona, nikiwa nimelala. Aliniangalia, akacheka, ati nisiogope.

Damu yake njo iliniingia. Nikapona. Exaucé alikaa nasi wiki chache tu, akaenda. Mpaka leo naitwa Mama Exaucé.

Asubuhi nimemuuliza Bénie: ni pale alipougua? Akasema hawezi kujua, miaka ile sindano zilikuwa hivyo mahali pengi. Anasema hivyo kwa huruma. Mimi najua.

Au sijui. Ee Mungu.

Jumatatu, 29 Septemba 2025

Jibu limefika. Homa ile iko kwenye damu, tena nyingi.

Docta Florentin alimulaza Godefroid kitandani, akapitisha mashine juu ya tumbo. Ini limekuwa gumu, akasema. Na maji yameanza kujaa tumboni. Sisi tulifikiri ni minyoo! Miezi yote ile namupa majani machungu ya kunywa.

Nikauliza: dawa iko? Iko. Kidonge kila siku, miezi. Inafukuza kirusi. Lakini ini lililokwisha kuharibika, docta akasema, halirudi lote. Tungekutana mapema, mama...

Mapema wapi? Tulikuwa hapa hapa.

Halafu mapokezi. Yule mama wa karatasi akauliza avenue, nambari. Godefroid akasema: hangari ya gare. Yule mama akaweka kalamu chini. Nyumba yetu ilianguka na mvua mwaka juzi, ile ya matofali mabichi, ya pili tukashindwa kujenga — nikaanza kumueleza. Hasikii. Dawa ya bei kali hapewi muntu asiye na pa kuiweka, akasema, itaibiwa, itauzwa. Godefroid akasimama aondoke.

Bénie akaingia kati. Andika hivi, akasema: adresse yake ni centre hii ya afya. Vidonge vitakaa kwenye kabati yangu, yeye atakuja kumeza hapa kila asubuhi mbele yangu. Alisema kwa sauti hata walio inje wakageuka.

Wameandika.

Jumamosi, 4 Oktoba 2025

Amemeza tena leo. Tunakwenda polepole, tunapumzika kwenye kivuli cha ukuta wa misheni, tunafika. Leo alinyoa ndevu! Bénie akamuita kijana. Alicheka mpaka akashika tumbo.

Hapa hangari mambo yamegeuka. Wamesikia ni ugonjwa wa ini. Sufuria tuliyokuwa tunapika wote, sasa wanapika bila sisi. Bulaimu peke yake anakuja kukaa nasi — naye alikubali kupimwa, mistari miwili, damu yake bado iko Kinshasa. Nimewaambia wote maneno ya Bénie: si kwa sahani. Wanasema ndiyo, ndiyo. Halafu wanasogeza mikeka yao.

Godefroid anajifanya hakuona.

Jumatano, 15 Oktoba 2025

Mvua. Bati linavuja upande wetu. Tumbo lake limekuwa kama langu wakati ule wa mimba, na miguu imevimba. Docta anasema asile chumvi. Jana tulikula samaki wa chumvi, njo tulichopata.

Godefroid alimuuliza docta kitu wakiwa wawili tu. Mimi nilikuwa inje. Alipotoka hakunieleza waliyosema. Akasema tu: twende, Mama Exaucé. Akanishika mukono njia nzima, kitu asichofanya mbele za watu.

Jumatano, 22 Oktoba 2025

Hakwenda kumeza. Jana pia! Jana alinidanganya, ati amekwenda mapema nilipokuwa sokoni.

Nimelia, nimepiga kelele. Anaangalia ukuta.

Ijumaa, 24 Oktoba 2025

Sitasahau siku hii.

Niliketi karibu naye, nikamuomba ameze dawa. Nikasema, kama si juu yako, basi juu yangu. Akageuka. Uso sikuutambua. Rudi kwenu Kailo, akasema. Kwa dada yako. Nimechoka kukuona. Tangu Exaucé afe nimechoka kukuona, ni vile tu sikusema.

Miaka ishirini na zaidi.

Nilisimama. Nilifika kwenye reli tu, nikaketi juu ya chuma. Watu wanapita. Sikulia. Nilikuwa natafuta moyoni siku moja, hata moja, aliyoniangalia kwa kuchoka. Sikuipata. Halafu nikaanza kuogopa kwamba nilikuwa kipofu.

Jumapili, 26 Oktoba 2025

Bénie alinifuata baada ya misa. Hakuvaa kanzu, nilichelewa kumutambua.

Akasema: Mama, nisamehe, papa alinikataza lakini siwezi kunyamaza.

Godefroid alikwenda centre Jumanne ile. Si kumeza. Alimuomba telefone yake, akamupigia dada yangu Sandrine, kule Kailo. Akamubembeleza. Anichukue, anipe kitanda, nyumba kavu. Sandrine akasema: yeye aje, wewe na ugonjwa wako hapana, niko na watoto. Godefroid akamuambia usiwe na wasiwasi, shemeji, mimi nakwenda Kibombo kwa kaka yangu.

Kaka yake! Kaka yake alikufa vitani. Hakuna muntu wake Kibombo.

Na tena alimuuliza Bénie kama vidonge vilivyobaki vinaweza kupewa Bulaimu. Yule bado ni kijana, akasema, ini lake bado zima, langu limekwisha. Bénie alikataa. Kila muntu na dawa yake, papa, na ya Bulaimu tutaiomba. Wewe umeze yako. Godefroid akasema atafikiri.

Nimeketi kanisani peke yangu mpaka wakafunga milango. Alitaka nimuchukie ili niende.

Na mimi Ijumaa nilimuamini! Hilo njo linaniua.

Jumatatu, 27 Oktoba 2025

Piki-piki imefika. Sandrine ameituma. Motari, dereva wake, ni kijana mupole, kofia ya manjano, anasimama pale mulangoni mwa hangari.

Godefroid amekwisha kufunga kitambaa changu cha nguo. Amefunga vizuri, mafundo mawili. Hajui kwamba najua. Nimemuambia sasa hivi: Bénie amenieleza yote. Amekaza fundo la kitambaa. Halafu akasema, Mama Exaucé, panda. Sauti ya kawaida, yake ile. Panda, mvua inakuja.

Nikamuambia: kaka yako Kibombo anakusalimu.

Alificha uso kwa mukono. Mabega yake yanatikisika, sijui analia au anacheka.

Nimeketi chini karibu naye, naandika hii juu ya goti. Motari anauliza: mama, tunakwenda? Godefroid anajibu mbele yangu: anakuja, anakuja.

Nimemuuliza motari kama anaweza kubeba wawili. Kwanza mpaka centre, ameze. Halafu Kailo. Sandrine atafunga mulango au hatafunga, tutaona tukiwa mbele yake.

Godefroid anasema hapandi.

Motari anaangalia tumbo lake, anaangalia wingu. Amezima motere. Anakuja huku kumushika mukono wa pili, wa kwanza ninao mimi, tumupandishe —