Nilimtukana Mama Mkwe kwa Kilingala

Mpendwa Bi Mutoni, nakusalimu na naomba unisaidie haraka, Ramadhani isinikute nikiwa hivi, maana jambo lenyewe nikilikumbuka nacheka na kulia kwa pamoja, mume wangu ananiuliza nina nini nami namwambia ni vitunguu.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, naishi Mbugangari, na kila siku navuka mpaka pale Grande Barrière kupeleka Goma viazi vya Mudende. Nilisilimu mwaka 1996 nilipoolewa, na aliyenifundisha Alhamdu mpaka nikaishika si mume wangu, ni mama yake anayekaa Goma, tukimenya ndizi pamoja jikoni, na kwa kuwa mama yangu mzazi nilimpoteza nikiwa mdogo, huyu ndiye mama yangu hasa, na alikuwa ameniahidi kwamba kabla ya Ramadhani ya mwaka huu wa 1999 atahamia kwetu, hata chumba nimekipaka chokaa kwa mikono yangu. Kwa kweli maisha yetu ni mazuri, alhamdulillah, sina la kulalamika isipokuwa huu mdomo wangu.

Maana pale mpakani, Bi Mutoni, watu wanasukumana, na asiye na mdomo anafika sokoni wateja wameshanunua. Sisi tuko wanawake watano, wenzangu wakanichagua mimi nitangulie, kwa sababu nikimfungulia mtu kinywa anarudi nyuma mwenyewe. Nilipofundishwa kwamba Mwislamu hatukani nilikubali kwa moyo wote, nikajiwekea utaratibu: Kiswahili ndicho tunachosomea dini hapa kwetu, basi nikakitunza, tangu nisilimu sijatukana kwa Kiswahili hata siku moja, na Kinyarwanda nikakiheshimu kwa ajili ya mtoto nyumbani, kikabaki Kilingala, ambacho sijasikia sheikh hata mmoja akitolea hotuba, nikaona hicho ni cha barabarani tu, hakihesabiwi.

Sasa mwezi wa tisa, siku ya Ijumaa, tulikuwa tunarudi kutoka Goma, mpaka unakaribia kufungwa na kila mtu anataka kupita, na nyuma yangu mtu akawa ananisukuma mgongoni kwa kapu, mara ya kwanza, mara ya pili, mwenzangu Drocella akaniambia, "Mama Keza, we njo mulomo yetu, sema kitu, batatupita bote, tutalala huku!" Basi bila kugeuka nikaachia lile la Kilingala linalohusu mama wa mtu, nikaongeza na jingine langu mwenyewe, na watu wakacheka. Kisha nikasikia sauti ninayoijua: "Asante, mwana yangu. Salamu nimeipokea."

Nikageuka. Alikuwa mama mkwe, na ndani ya lile kapu mlikuwa na kitenge alichoninunulia.

Nikampokea kapu. Tukaenda nyumbani pamoja, akala, akasema, "Chakula iko muzuri," akaswali, akaniachia kitenge, wala hakumwambia mwanawe neno. Tangu siku hiyo anakuja kila Ijumaa kama kawaida, ila nikimuuliza habari za kuhamia anajibu tu, "Tutaona." Sijaweza kumwomba radhi, sijui nianzie wapi, na wenzangu wanasema nikiufunga mdomo kundi letu limekwisha, na Drocella anasema kwa kuwa sikumwona si dhambi. Je, ni kweli? Na asipokuja kabisa, nitafanyaje?

Mama Keza, Mbugangari

JIBU

Mama Keza, nimecheka, nakiri, kisha nikaona haya kwa kucheka. Unampenda mama huyu, hilo halina shaka. Sasa tulia nikuseme.

Huo utaratibu wako wa lugha tatu ulipewa na nani? Malaika anayeandika yuko nawe asubuhi na jioni, anavuka Grande Barrière bila karatasi wala foleni, na wewe unadhani Kilingala kinampita? Tumefundishwa kwamba muumini si mtukanaji wala mwenye kinywa kichafu, na hatukutajiwa ni kwa lugha gani. Drocella ni rafiki mzuri, ila kwenye fatwa hapana, mwache auze viazi. Kama nyuma yako angekuwa mama wa mtu mwingine ungemtukana vilevile, na kwa ajili yake usingeniandikia barua. Hilo ndilo lililoniuma. Wazee walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, nawe umejikwaa miaka mitatu, siku hiyo tu ndipo ulipoona damu.

Pale mpakani, wanawake watano wakishikamana hawahitaji matusi. Simameni karibu karibu, na anayekusukuma mgeukie kwanza umtazame usoni kabla hujasema lolote. Ukishauona uso wa mtu, kumtukana kunakuwa kazi. Kisha mwambie kwa sauti kubwa arudi kwenye foleni, kwani sauti si haramu. Mkichelewa siku mbili tatu, vumilieni.

Turudi kwa mama mkwe. Miezi miwili amekaa na jambo hili, hajamwambia mwanawe, hajakosa Ijumaa hata moja, na chakula chako anakila. Angekuwa amekuchoka, Goma nzima ingeshajua. Huyu amekusitiri, anangoja uanze wewe, kwa sababu hawezi kuhamia nyumba ambayo kila siku itabidi ajifanye hakusikia.

Usimtume mumeo. Usingoje Ijumaa, maana siku hiyo yeye ni mgeni wako, na mgeni husamehe kwa adabu tu. Nenda kwake Alhamisi hii, viazi uviache. Mwombe radhi kwa Kilingala, lugha ile ile uliyomtukana nayo, ajue hakuna pembe ya kinywa chako uliyomfungia. Halafu nyamaza. Usianze kueleza foleni ilivyokuwa. Akilia, lia naye. Akicheka, usicheke kabla yake.

Na usimuulize atahamia lini. Hilo mwachie alitamke mwenyewe.