Hoja za Baba Katekista

Ulyankulu,
Jumanne

Dada yangu Godeliva,

Shikamoo. Ile salamu yenu ya kumsifu Kristo naiacha kwa adabu, maana ukiisoma kwa mwandiko wangu utadhani nakudhihaki. U mzima? Kifua kilichokusumbua wakati wa masika kimetulia? Wasalimie masista wenzako, hata yule aliyeniombea niongoke wakati chai yangu inapoa. Sisi huku tunapumua. Mvua imechelewa, miche ya tumbaku ya majirani imesinyaa vitaluni, nami tangu nitoke Tabora mjini kuja kumuuguza baba sijarudi. Ningekupigia simu, lakini simu yenu hupokelewa ofisini kwa Mama Mkuu, na haya si maneno ya kusikiliza ukiwa umesimama mbele ya mtu.

Baba hamezi tena ugali. Uvimbe wa kooni umefika mahali ambapo daktari aliniita mimi pembeni badala ya kumwambia yeye. Anakunywa uji mwembamba anaoletewa na jirani yetu Consolatha, kijiko kwa kijiko. Akili lakini ni ile ile, wembe.

Mwanzoni walikuja wanajumuiya, wakasali, wakamwambia Mungu yupo, naye akaitikia. Walipoondoka akaniambia amechoka na amina. Amefundisha katekisimu maisha yake yote akijibiwa na watoto waliokariri, na kabla ya kufa anataka kujua kama alichofundisha kinasimama chenyewe, au kilisimama kwa sababu hakuna aliyekisukuma. Akanitaka nikisukume. Unanijua, dada. Mimi ndiye ninayesimama karibu na soko, wachungaji na masheikh wakiwa na vipaza sauti vyao, nikiwauliza mpaka wanavizima. Nilikubali, tena kwa furaha.

Alianza na msafara. Alisema katika njia ya zamani ya Ujiji kila mpagazi alikanyaga alipokanyaga mwenzake wa mbele, na safu haiwezi kuendelea mbele bila mwisho. Lazima yupo wa kwanza, asiyefuata mtu. Nikamjibu kwamba akishamruhusu mmoja asifuate mtu, ile kanuni kwamba kila mmoja anafuata ameivunja kwa mkono wake mwenyewe. Na hata huyo wa kwanza akiwapo, hoja haisemi kama ni mwema, maana njia hiyo hiyo ilipitisha watu wenye minyororo shingoni, na mbele yao alikuwapo kiongozi. Baba alicheka mpaka akakohoa, akasema hoja hiyo nimeshinda.

Kesho yake akaleta nyuki. Sega lile, vyumba vyote pande sawasawa, nani kawapimia? Nikamwambia kama sega lina fundi, basi na uvimbe una fundi, maana nao umejengwa kwa ustadi. Consolatha, aliyekuwa akipooza uji, akaniuliza nikishamnyang'anya mzee Mungu wake nitampa nini mahali pake, vitabu? Nikamwambia hoja haijibiwi kwa huruma. Bado naamini hivyo, ndiyo maana sina pa kujificha.

Akabakiwa na Malagarasi. Unaijua habari ile: mwaka sabini na mbili, yeye na baba mdogo Niyokwizera wakikimbia kutoka Burundi, wakaukuta mto umejaa. Aliomba, akavuka. Hiyo, alisema, hakuisoma popote, aliiishi. Nami damu ya mjadala ilikuwa imekwisha chemka, nikamuuliza: na baba mdogo je, yeye hakuomba?

Aliomba, dada. Waliingia majini wameshikana mikono, sala moja, maneno yale yale, akatoka mmoja.

Asubuhi baba akaniambia niitungue rozari ukutani. Padri alipokuja na mafuta ya wagonjwa, baba alimshukuru kwa heshima zote, akamwomba arudi nayo. Kanuni ya nyumba hii unaijua: aliyeshindwa na hoja huifuata, hanung'uniki.

Nimejaribu kurekebisha. Nilimwambia ukweli, kwamba mtu akishindwa kuthibitisha kuwa chini ya uwanja huu kuna maji, maji hayakauki kwa sababu hiyo. Akasema huo ni ujanja wa mawakili. Nikarudi kwenye msafara, nikajitia kuona tundu katika jibu langu mwenyewe. Akanikatiza.

“Usinihurumie, Tobia. Nimefundisha watoto. Namjua anayejifanya hajui.”

Tangu hapo analala ameuelekea ukuta. Anaogopa, na hajui amwogope nani.

Sasa nifikie lililonishikisha kalamu. Unakumbuka alivyokukatalia utawa, ukamjibu hoja kwa hoja mpaka akashindwa, akakusindikiza mwenyewe hadi Urambo kupanda basi. Jana ameniambia kwamba hoja ulizomshinda nazo zilikuwa zake. Alikupa yeye ukiwa mtoto kwenye benchi la mafundisho, na sasa hazibebi hata kikombe cha uji. Akaniagiza nikuandikie maneno yake kama yalivyo: “Mwambie Godeliva naomba radhi kwa maisha yake.”

Nilitamani kuyameza. Lakini ni yake kwako, si yangu kuyazuia. Nilimuuliza kama anataka jibu, akasema hana kingine anachosubiri.

Omba ruhusa uje. Mimi nimeshinda kila kitu humu ndani na sina la kumwambia. Huenda unayo hoja nisiyoijua. Huenda huna hoja yoyote, na bado hakuna cha kusamehe. Sijui, na si desturi yangu kuandika neno hilo. Ila usije kumbembeleza, ataona. Njoo umjibu, hata kama jibu lenyewe ni kwamba radhi yake umeipokea.

Consolatha anakusalimu sana. Mimi ananilaani na kuniombea kwa zamu. Majirani wote wanakuulizia. Baba hana salamu nyingine.

Ni mimi mdogo wako,
Tobia Irankunda