Mashine ya Maombi Iko kwa Shangazi

Mtaa wa Satellite, Jumamosi

Mama mpendwa,

Mguu unaendeleaje? Na ng'ombe, ameshazaa? Sisi huku tu wazima, ni baridi tu inayotuonea. Tangu uifungie simu kabatini nakuandikia kwa kalamu, na mwandiko wangu unaujua, kwa hivyo vumilia.

Kundi letu la maombi la simuni, la watu wa nyumbani, limehama. Lile ombi lako la sauti, la Ndinda mke wa kaka apate mtoto, lilipozagaa hadi akalisikia mwenyewe sokoni, nawe ukaifungia simu, tulikubaliana kutafuta mahali petu. Nikatumwa mimi kwa kuwa nashinda na kompyuta ofisini mjini. Nilijaribu programu tatu. Moja ilitaka nambari ya simu ya kila mtu. Nyingine mwenyekiti wetu aliikataa, akasema herufi zake ni za kusomwa na siafu. Ya tatu tukaichukua: inapokea sauti, na ujumbe wote unakaa kwenye kompyuta yetu wenyewe. Stima ikipotea nayo inalala, lakini hilo tumelizoea.

Jumapili tukakutana kuchagua mtunzaji, atakayeamua nani aingie. Wakanitaja mimi. Shangazi alikuwa ameketi pembeni, maana wote mnaamini ni yeye aliyelisambaza ombi lako, na wewe tangu Pasaka humsalimu.

Mama, nilisimama nikawaambia ukweli. Ni mimi. Nililituma kwa kundi la kanisa la huku, nikidhani wakiomba wengi Mungu atasikia upesi. Kisha nikaogopa, nikamwacha Shangazi abebe lawama yangu. Naona aibu sana.

Mwenyekiti ndiye aliyejibu: "Hiyo mashine iende kwa Shangazi. Huyo amesingiziwa miezi yote hii na hajamsema mtu."

Niliibeba mwenyewe hadi kwake Mutuini. Iko kando ya cherehani, ameifunika kitambaa alichokifuma. Ameshawaingiza wote isipokuwa mimi.

"Kioko, wewe ngoja," aliniambia. "Siku mama yako atanisalimia, nitakufungulia."

Nisalimie kaka na Nyanya. Kwa Ndinda nitakuja mwenyewe kuomba msamaha.

Toa simu kabatini, Mama. Usinipigie mimi kwanza.

Mwanao aliye nje mlangoni,
Kioko