Wamekuombea, Mwongeli

Mwongeli, kuna akina mama kumi na wawili hapa Kathonzweni wanaamini mimba yako ilitoka. Ni mimi nimesababisha.

Unajua kile kikundi chetu cha kanisa. Leo walileta mshauri kutoka Kikima. Akasema tufunge macho, mkono kwa kifua, tupumue pole pole. Hapo sikuwa na shida. Sikuwa nasikia kitu moyoni, vile huwa siku hizi.

Halafu akasema kila mtu ajiongeleshe kwa upole, vile angeongelesha rafiki yake. Kimoyomoyo.

Mimi nikasema kwa sauti. Kwa sauti, Mwongeli.

"Mwongeli, pole. Nyumba haikuwa na maji, ungefanya nini? Kubeba mtungi si kuua mtoto."

Kufungua macho, wote wananiangalia.

Mke wa pasta akauliza, "Mwongeli ni nani?"

Nikasema ni rafiki yangu wa Tseikuru.

"Maskini. Ilikuwa ya miezi mingapi?"

Nikasema minne, kama yangu. Lakini hiyo "kama yangu" sikuitoa.

Wakashikana mikono wakakuombea. Wengine walilia. Mimi nikasema amina na wao, macho makavu.

Mshauri alinifuata hadi kwa geti. Aliuliza jina langu tu. Nikamwambia Wavinya.

Akasema, "Basi rudia yale maneno, na hilo jina."

Nimejaribu njia yote hadi nyumbani. Pole inatoka. Jina ndilo linakwama.

Usinipigie. Niandikie tu, na uanze na jina langu.