Mbona Wali Wako Umeshikana?

Jumanne, Hurlingham

Huyu Kenji na adabu zake! Yeye hutengeneza video za masomo huko Japani, mimi naziandikia vichwa vya Kiswahili. Ile inayoeleza kwa nini kwao wali mzuri ni ule unaoshikana, aliiita "Sayansi ya Wanga". Nani angeifungua? Nilishaanza kuogopa kazi itaisha.

Leo asubuhi nikabadilisha: "Mbona Wali Wako Umeshikana?" Kenji akasema nimewatukana watazamaji. Kufikia jioni watu wamejaa, wanabishana kwenye maoni, na Kenji anaomba matusi mengine kama hayo.

Halafu Mama, ambaye huwa hatazami video hizi, akapiga simu kutoka Kakamega, anacheka mpaka anakohoa.

"Kumbe miaka yote babako akilalamika, mimi nilikuwa napika Kijapani!"