Neno Lililokatwa kwenye Simu ya Mama Elizabeti

Papa wangu mupenzi,

Salamu zangu zikufikie hapo Uvira ukiwa umeshaamka, umeshaomba, na chai umekunywa bila sukari kama munganga alivyosema. Goti linaendeleaje? Unaweza tena kupanda ngazi kupaka rangi mabango ya watu, au bado unapaka umekaa? Mimi ni muzima, Mungu ananibeba. Barua hii nampatia Mama Sifa, jirani yetu wa Rubondo kule kambini, anayekuja huko kumuona dada yake. Najua simu unaisikiliza haraka haraka, lakini karatasi unairudia.

Siku za kazi nalala huku Mbarara, upande wa Biharwe. Jumamosi narudi kambini Nakivale kwa shangazi. Asubuhi huku ukungu unakaa juu ya migomba mpaka vilima vinaonekana kama vinaelea, na magari ya barabara ya Masaka unayasikia tu, huyaoni. Nafungua kompyuta nikiwa bado ndani ya ukungu ule.

Uliniuliza kazi yenyewe ni nini hasa. Kioo cha kompyuta nakigawa pande mbili. Kushoto kuna programu ya kuchora: naweka visanduku, rangi na maandishi, nayasogeza mpaka yatulie. Kulia naandika kode, yale maagizo yanayofanya mchoro ufanye kazi kwenye simu ya mtu. Papa, upande wa kuchora ndio unaniiba. Saa zinapita kama niko chini ya maji. Siku moja nilichagua bluu, nikaipunguza, nikaipunguza tena, na ghafla ilikuwa ziwa letu kabla upepo haujashuka kutoka milimani. Nilikaa naiangalia mpaka Agaba, mwenye biro hii ninamofanya kazi, akacheka: “Riziki, wewe nakwenda wapi? Rudi, kazi iko mingi!”

Sasa nikuambie jambo lililonipata.

Tulipewa kazi ya kituo cha afya cha kule Rubondo. Munganga wa macho anafika mara moja kwa mwezi, na watu ni wengi. Kwa hiyo siku chache kabla, simu ya mgonjwa inamuuliza kama atakuja. Nilichora vitufe viwili vya kubonyeza. Cha chini: “Nitakuja.” Cha juu, kwa asiyeweza: “Nimekubali kungoja mwezi ujao.” Nilivizungushia kona laini, nikavipa nafasi ya kupumua. Kwenye kioo changu kikubwa vilikuwa vizuri sana. Nikachukua vipimo vilevile vya mchoro, nikavigandisha ndani ya kode, nikaona nimemaliza. Sikuvijaribu kwenye simu ndogo hata moja.

Siku ya munganga nilikwenda mwenyewe, nifurahie kazi yangu. Akafika mwanamke mzee, Mama Elizabeti, na kitenge chake cha kanisa. Macho yote mawili yamefungwa na mtoto wa jicho, mukwe wake, muke wa mwanawe, anamshika mkono. Muuguzi akaangalia orodha, akasema, “Mama, wewe hauko. Ulikubali kungoja mwezi ujao.”

“Kungoja nini?” mzee akashangaa. “Miye nilikubali kuja! Nani anaweza kumukatalia munganga?”

Muuguzi akamgeukia mukwe. “Basi ni wewe ulibonyeza vibaya.”

Yule mukwe akatoa simu. Ilikuwa simu ndogo, ya zamani. Nikachungulia. “Nitakuja” ilikuwa imeshuka chini kabisa, nje ya kioo. Kilichobaki ni kitufe kimoja, na neno moja juu yake: “Nimekubali.” Maneno mengine yote yalikuwa yamekatwa.

Papa, hakuna aliyejua pale kwamba ni mimi niliyevichora. Yule mukwe alikuwa ameanza kulia, na mimi ningeweza kwenda zangu taratibu. Miguu ilitaka kwenda. Mdomo ndio ulitangulia: “Kosa si lake. Ni miye niliandika.”

Mama Elizabeti akauliza, “Nani anasema?”

“Ninaitwa Riziki, mama. Nilichora vizuri, lakini sikupima.”

“Nilizani ni mashini ndiyo ilinikatala,” akasema. “Kumbe ni mutu. Mutu tunaweza kusema naye.” Akanyoosha mkono hewani mpaka nikaushika.

Nikampigia Agaba, nikingoja anifukuze. Aliuliza tu, “Iko wengine?” Muuguzi alisoma orodha nami: wengine walioandikwa kungoja walikuwa sita. Tukazunguka nyumba kwa nyumba mpaka kule kwenye kisima cha mwisho, tukiwaita. Watano wakaja. Wa sita alikuwa amekwenda soko la Kaberebere. Alipata nafasi mwezi uliofuata, na nilimpelekea pole yangu mwenyewe. Munganga alikubali kubaki mpaka jua likainama. Mama Elizabeti akawa wa kwanza kuonwa, akapewa siku ya kupasuliwa hapa Mbarara.

Tangu hapo kuna simu kuukuu kati ya michoro yangu na kode yangu. Kila ninachochora upande mmoja nakiandika upande wa pili, kisha nakifungua kwenye simu ile kabla sijapenda uzuri wake. Maneno yetu ni marefu, Papa; kitufe ndicho kinapaswa kunyooka, si neno kukatwa.

Wiki iliyopita nilikuwa hospitalini walipomfungua Mama Elizabeti bandeji ya jicho la kwanza. Nilileta simu nimuonyeshe vitufe vipya. Aliisukuma kando polepole. “Ngoja kwanza, mwanangu.” Akaniangalia, jicho likitoka machozi, akaangalia tena. Kisha akacheka.

“Ee Mungu wangu,” akasema. “Kumbe ungali mutoto hivi!”

Nisalimie mama mdogo Jeanne aliyenilea, na kaka Asende anayekushikia ngazi, umwambie asiiachie. Mjomba mchungaji aniweke katika sala. Na wewe, Papa, jitunze nikukute ukisimama.

Mimi binti yako wa pili, anayekukumbuka kila asubuhi,
Riziki